Mkono Uliobaki Begani

Mtaa mzima ulimwita Tabasamu, jina alilorithi pamoja na studio. Baba yake ndiye aliyeitwa hivyo kwanza, kwa sababu kila mteja aliyeketi mbele ya kamera yake aliambiwa neno hilo hilo moja. Siku hizo kupiga picha ilikuwa shughuli. Watu walikuja wamechana nywele kwa maji, wakaazimana koti la studio, wakakaa kimya kana kwamba wanadungwa sindano. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha giza chenye taa nyekundu na dawa iliyokereketa koo. Humo Tabasamu alijifunza kazi akiwa na miaka kumi na sita, akitazama sura za watu zikijitokeza taratibu kwenye karatasi ndani ya beseni.

Kila siku saa saba kamili mama mdogo aliingia na chakula. Mumewe, baba mdogo, ndiye aliyeshika taa na kupokea wateja.

"Wateja mnawachekesha, wenyewe mmenuna kama mmemeza ndimu," mama mdogo aliwaambia akifungua vyombo. "Haya, kuleni!"

Wakala wamesimama, vidole vinanuka dawa, wakitaniana. Hata leo, Tabasamu akikumbuka raha, anakumbuka saa hiyo.

Kisha baba akaanza kulalamika tumbo. Akakonda, akafa ana miaka arobaini na sita. Miaka miwili haijaisha, baba mdogo naye, tumbo lile lile. Msibani maneno yakaanza chini chini: nani alikuwa anawapikia? Shangazi, dada yao, ndiye aliyetamka waziwazi kwamba ndugu zake wamelishwa sumu. Mama mdogo aliondoka asubuhi na sanduku moja, bila wa kumsindikiza. Tabasamu alikuwa amesimama mlangoni pa studio. Hakusema kitu, na huko kutosema kulimkaa rohoni.

Ikapita miaka ishirini na sita. Studioni zikaingia kompyuta, chumba cha giza kikawa stoo, na Tabasamu, sasa mtu mzima mwenye binti chuoni, akaona damu chooni. Daktari, mwanamke mpole mwenye miwani inayoning'inia shingoni, alimwambia ni saratani ya utumbo mpana, ila imewahiwa. Akafanyiwa upasuaji. Alipopata nafuu daktari akamuuliza:

"Kwenu wapo wengine waliougua hivi?"

"Kwetu watu wanakufa kwa tumbo, daktari. Lakini hiyo ni habari nyingine."

"Ndiyo hiyo hiyo ninayoitaka. Niandikie wote."

Akaenda kwa shangazi na boksi la picha za zamani, wakazipanga mkekani.

"Huyu?"

"Babu yako. Tumbo."

"Na huyu?"

"Dada yetu mkubwa, yule aliyeolewa mbali. Alikuwa na uvimbe wa kizazi, akatokwa damu mpaka akaisha."

Picha iliyofuata ilikuwa ya baba mdogo akicheka. Begani pake palikuwa na mkono wa mwanamke, lakini mwenye mkono hayupo.

"Nilimkata mwenyewe kwa mkasi," shangazi alisema bila kuinua macho.

"Shangazi, babu alikufa lini?"

"Kabla mdogo wetu hajaoa..." Hapo akaichukua tena picha ya babu. Wala yule dada wa mbali hakuwahi kuonja chakula cha mama mdogo.

Tabasamu alipimwa damu. Majibu yalipotoka daktari alimweleza polepole.

"Mwili umejengwa na chembe ndogo mno, tunaziita seli. Kila seli ina maelekezo ndani yake, hizo ndizo jeni. Seli ikijigawa, maelekezo yananakiliwa, na katika kunakili makosa hayakosekani. Sasa zipo jeni ambazo kazi yake ni kusahihisha. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hizo, moja ya baba, moja ya mama. Wewe ile ya baba yako ulipewa mbovu."

"Kwa hiyo nilizaliwa na saratani?"

"Hapana. Ulizaliwa na nakala moja nzima badala ya mbili. Ikaja siku, kwenye seli moja ya utumbo, na hiyo nzima ikaharibika. Makosa yakarundikana, mpaka seli ikawa inajigawa tu bila breki."

"Na mtu akiwekewa kitu kwenye chakula?"

Daktari akamtazama vizuri. "Hii haitoki kwenye sufuria. Mmezaliwa nayo, na kwa wanawake huweza kushika hata kizazi."

Shangazi aliposikia aliichukua ile picha iliyokatwa. "Sasa uso wangu nitauweka wapi?" akasema. Kisha: "Nitafutie viatu vyangu."

Kumpata mama mdogo kulichukua wiki tatu za kuulizia huyu na yule. Walimkuta anamwagilia miche aliyoipanda kwenye makopo, nywele nyeupe zote.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Wifi," shangazi akasema nyuma ya Tabasamu, na kopo likamponyoka yule mama.

Tabasamu alimweleza yote kama alivyoelezwa. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho.

"Najua sikuweka kitu," alisema. "Lakini miaka yote hii nawaza, labda sufuria ilikuwa na kutu. Labda mafuta. Nimeisugua ile sufuria kichwani mwangu mpaka imetoboka."

Shangazi alilia bila kuficha uso. "Nisamehe, wifi."

"Leo siwezi kukujibu. Ila ingieni ndani, jua kali."

Msamaha wenyewe ulikuja kidogo kidogo: simu moja, kisha nyingine, kisha shangazi akaletewa miche mitatu ya waridi.

Binti wa Tabasamu naye akapimwa. Uwezekano wa kurithi ulikuwa nusu kwa nusu, na nakala mbovu ikamwangukia. Alilia siku mbili, mpaka daktari alipomweleza kwamba kamera ndogo ikiingizwa utumboni mara kwa mara itaona viuvimbe kabla havijageuka saratani. Siku ya kipimo cha kwanza mama mdogo alipanda basi la alfajiri, akaketi naye kwenye benchi, Tabasamu akiwa upande wa pili, akimsimulia jinsi baba mdogo alivyowahi kuruka dirisha la zahanati kukimbia sindano. Binti akacheka mpaka nesi akatoka kuangalia.

"Mama, wewe ni nani wake?"

"Bibi yake," mama mdogo akajibu.

Kamera ilikuta kiuvimbe kimoja, kidogo kama punje ya mtama. Kikatolewa pale pale, na mchana wakatoka hospitali wote watatu, wana njaa.