Binti wa Hawa

Mwezi uliopita mjukuu wa dada yangu alikuja kutoka Nairobi na karatasi kubwa ya ukoo, akaikunjua sakafuni sebuleni kwangu hapa Mji wa Kale, akaibana pembe kwa vitabu isijikunje. Alikuwa amehangaika, maskini. Ameipiga picha nasaba iliyotiwa fremu ukutani kwa watoto wa ami, ameomba vyeti vya kuzaliwa, hata cheti cha ndoa cha Nyanya yangu amekipata. Ile nasaba ni fulani bin fulani bin fulani mpaka Uarabuni, na mwanamke hata mmoja hayumo. Ukiisoma utadhani wanaume wale walizaana wenyewe kwa wenyewe. Cheti cha ndoa nacho kinamtaja babake Nyanya tu. Basi palipobaki pa mamake Nyanya, binti huyu alikwenda kumwuliza dada yangu, kisha akaandika kwa wino wa kijani: Hawa.

"Futa hilo," nikamwambia.

"Lakini Babu, bibi amesema jina hili alilipata kwako."

Ni kweli, alilipata kwangu, na ndiyo maana damu ilinichemka. Kaa kitako nawe nikueleze.

Nyanya alikuwa mamake baba. Nyumba yake ilikuwa kwenye kichochoro chembamba, watu wawili wakikutana mmoja hubana ubavu ukutani kumpisha mwenziwe. Miaka ile ya sitini ilipoanza nilikuwa nikiamka kwa harufu ya iliki na mahamri yakichomwa, na kazi yangu ilikuwa kukuna nazi. Nikikuna mpaka nikafika kwenye kifuu, Nyanya alinipiga kikofi cha mkono: "Wataka kutulisha kuni?" Jumamosi tulikwenda Marikiti, yeye na buibui lake, mimi na kikapu. Alinunua kisamvu na njugu. Kisamvu chake hakukipika kwa nazi kama majirani. Alikitwanga, akakichanganya na njugu za kusagwa. Jirani yetu mshona kofia, kila akipelekewa bakuli, alisema mapishi yale si ya hapa.

"Ni ya mamangu," Nyanya alijibu.

Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, maana nani atamtaja mamake kwa jina? Mamangu alikuwa akinisuka hivi. Mamangu hakuwa akiogopa radi. Alifiwa naye angali mdogo, na sisi watoto hatukuona haja ya kuuliza zaidi. Wakubwa ukiwauliza asili ya mama huyo walijibu upesi upesi: Mhabeshi. Baadaye sana nilikuja kufahamu kwamba alikuwa suria, mwanamke wa kununuliwa aliyewekwa ndani na babake Nyanya, na kwamba katika mji wetu, ikiwa huna budi kuwa na bibi aliyenunuliwa, basi heri awe Mhabeshi mwenye pua nyembamba kuliko Mnyasa au Myao. Mhabeshi gani huyo wa kisamvu cha njugu, mapishi ya kule kusini kwa Wanyasa na Wayao? Sikatai kwamba huenda ninakosea, lakini wao hawakujali hata kukosea. Walichagua tu lililowapendeza.

Na zilikuwa siku za kuelekea Uhuru. Barazani wanaume walibishana kutwa nani mwenyeji na nani mgeni, na ghafla kila mtu alikuwa na babu wa mbali. Ndipo ami, kaka yake baba, alipoitia ile nasaba fremu. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo ami ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, na wakati ule bintiye alikuwa akiposwa na watu wa ukoo wenye jina kubwa.

Nyanya alifariki asubuhi moja ya mvua, akiwa kitandani mwake, tukamzika kabla ya alasiri. Nilikuwa na miaka tisa. Mshona kofia alinishika mkono hadi makaburini. Wale wakwe watarajiwa wa ami nao walikuja, kutoka nje ya Mombasa, na majoho yao. Kaburi lilipokwisha kufukiwa, mwalimu wa chuo cha Kurani akachutama upande wa kichwa asome talkini, yale maneno ya kumkumbusha maiti majibu ya kuwapa malaika. Katika talkini mtu haitwi kwa jina la babake, huitwa kwa jina la mamake. Mwalimu alikuwa hajakaa sana mtaani kwetu, akageuza shingo kumtazama ami.

"Mamake n'nani?"

Ami akaangalia viatu vyake. Mkono wa mshona kofia ukanibana, nikamwona anafungua kinywa. Ami akamwahi.

"Soma, Mwalimu. Soma tu."

Mwalimu akangoja kidogo, kisha akasoma, na ndani ya kile Kiarabu kirefu nikasikia wazi kabisa: bint Hawa.

Nilifurahi, unaamini? Nilirudi mbio kumwambia dada yangu, kwani wasichana hawakwenda makaburini, kwamba mamake Nyanya alikuwa akiitwa Hawa. Tukalishika sote wawili. Nilipooa na kupata mtoto wa kike nikampa jina hilo, nikaona nimemrudisha mtu nyumbani.

Binti yangu alikuwa ameshaanza shule siku nilipokwenda kumzika mtu aliyeokotwa ufukweni. Maji yalikuwa yamemharibu, hana jina wala mwenyewe, na tuliomzika tulikuwa wachache tu, tukitafuta thawabu. Mwalimu mmoja kijana akachutama, akasoma: ibn Hawa. Nikamngoja amalize, nikamwuliza jina la mamake huyu amelipata wapi.

"Si jina la mamake, bwana," akaniambia. "Huyo ni Hawa wa Nabii Adamu, mama yetu sote. Asojulikana mamake husomewa hivyo."

Nyanya yangu, aliyelea nyumba nzima, aliyefia mikononi mwa wanawe, alisomewa kama maiti wa kuokotwa, na mwanawe wa kumzaa amesimama hapo hapo! Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya wageni wa majoho. Hasira niliyoipata siku ile haijapoa mpaka leo, wala sitaki ipoe.

Nilitoka makaburini moja kwa moja hadi kwa ami. Alikuwa mzee sasa, macho yameingia ukungu. Salamu nilizitoa kwa kifupi, na kwetu hilo peke yake ni utovu wa adabu.

"Ami, mamake Nyanya aliitwa nani?"

"Mambo hayo yaate, mwanangu. Alikuwa Mhabeshi."

"Sikuuliza kabila, ami. Nauliza jina."

Akafumba macho. Nilimwona akilitafuta, midomo inacheza.

"N'mesahau," akasema. "Wallahi n'mesahau."

Nilimwamini, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Angekataa kusema ningerudi kesho na keshokutwa mpaka achoke. Lakini alikuwa amelificha miaka mingi mno hata likamfia mwenyewe, na mshona kofia alikuwa ameshazikwa. Dada yangu sikumwambia, nikamwacha na Hawa wake.

Yote haya nilimsimulia yule binti, amekaa sakafuni kando ya karatasi yake. Akalifuta lile jina taratibu kwa dawa nyeupe.

"Basi nipaache wazi, Babu?"

"Usipaache wazi. Watakaokuja watadhani hakuwa na jina. Andika: jina lake lilijulikana, likafichwa."

"Watoto wa ami wataudhika."

"Na waudhike."

Akaandika. Nyumba ya Nyanya siku hizi hulala watalii, na wale wazee wa makaburini wamekwisha wote. Walikuwa wengi siku ile, na wengi wao walilijua jina. Waliishi naye mtaa mmoja, walikula kwake. Mwalimu aliuliza kwa sauti, kila mtu akasikia, na mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, ningeweza kumvuta kanzu yeyote nikamwuliza.