Ng'ombe Tuliyemrudisha Basotu

Jirani yangu hapa Arusha ni mama wa Tanga, na kila Jumapili asubuhi anapika mbaazi za nazi. Harufu yake ikinifikia, nafunga dirisha. Najua anadhani namringia. Jamani, ningemwambiaje kwamba mbaazi zinanikumbusha njaa?

Kwetu ni Endasak, chini ya mlima Hanang. Tulilima mahindi na maharage, na zizini tulikuwa na ng'ombe mmoja wa kijivu ambaye hakuwa wetu. Alikuwa wa Mzee Gidamowsa, mfugaji wa Kibarbaig wa kule Basotu, rafiki wa baba tangu ujana wao. Kwa desturi yetu mtu hukupa ng'ombe umtunze: maziwa unywe wewe, ndama ni wake, na udugu ni wenu wote. Mzee alipokuja kumwangalia, sisi watoto tulimwamkia shikamoo haraka haraka, kisha tukarudi kugombania povu la maziwa.

Halafu mbaazi zikapata soko India. Nisiseme uongo, miaka ile ilikuwa mitamu. Wanunuzi walileta malori mpaka kijijini. Tukaezua nyasi, tukapiga bati. Dada akaenda sekondari na viatu vipya vilivyolia kwee kwee hadi kanisani, na wala hakuona aibu. Baba naye akaona yale malisho nyuma ya nyumba yanakaa bure. Akapanda mbaazi kila mahali, hata palipokuwa pa mahindi, na ng'ombe akakosa pa kulishia.

Mama alimwambia usiache mbachao kwa msala upitao, methali aliyoitoa shule ya msingi na kuitumia kwa kila jambo, hata tulipotaka kutupa sufuria lililotoboka. Baba akacheka. Akamswaga ng'ombe hadi Basotu, nami nikiwa nyuma na tawi la kufukuzia inzi. Mzee Gidamowsa alitukaribisha, akamtazama yule ng'ombe, kisha akauliza, "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea," baba alisema. "Shamba tu limekuwa dogo."

Mzee akamwingiza ng'ombe zizini. Kwao, na kwetu pia, ng'ombe wa namna ile harudishwi ila watu wamegombana. Mimi niliona tu kwamba siku ile hakutusindikiza.

Msimu uliofuata mbaazi zilizaa vizuri ajabu, lakini malori hayakuja. Watu walisema India imefunga soko. Akilini mwangu nikaona geti kubwa lenye kufuli, nikawa nasali ili mwenye funguo aamke. Tulikula mbaazi asubuhi, mchana na jioni, kwa chumvi tupu, mpaka tukazichukia. Mahindi hatukuwa nayo. Mdogo wangu Safari, ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, alizikataa kabisa. Alilia mpaka sauti ikakauka, na miguu yake ikakonda.

Mama akamsihi baba aende Basotu akamwombe tena yule ng'ombe. Baba akavaa koti lake la kanisani, akatoka. Hata mchana haujafika, akarudi. Mama alipomuuliza, alisema tu, "Nitamwambia nini?" Hakujaribu tena. Safari akalazwa hospitalini, akapona, lakini hadi leo ni mdogo wa umbo kuliko wenzake wote, na mwepesi wa kuugua.

Mzee Gidamowsa alifariki nikiwa nimeshamaliza shule. Tulikwenda msibani. Mjane wake alimshika baba mkono, akampeleka zizini, akamwonyesha ng'ombe wa kijivu, ameshazeeka, amezungukwa na watoto wake.

"Huyu, mzee hakumpa mtu mwingine," alisema. "Alisema nyumba yenu ina watoto, mtakuja. Mlikuwa wapi?"

Baba alilia mbele za watu, mtu mzima yule. Mimi nililia pia, ila kwa hasira.

Miaka yote nilikuwa nimeilaumu India. Nimekua, naona mambo yalivyokuwa: soko lile la mbali lilitupa bati, likamsomesha dada, na lilipotuacha wala halikujua kwamba tupo. Sina ugomvi nalo. Kinachoniuma ni kwamba kila asubuhi Safari alipolia, maziwa yake yalikuwa yanakamuliwa Basotu, na baba aliona haya kwenda.