Mawe Ishirini na Mawili ya Mutunga

Hakuna paa aliloezeka Mutunga wa mtaa wa Congo, Kawangware, Nairobi, lililowahi kupeperuka. Hata hivyo, juu ya chumba chake mwenyewe, ambacho mawe manne yangetosha kushikilia mabati, kulikuwa na mawe ishirini na mawili. Akiulizwa alisema ni upepo, kisha akaendelea kunyoosha misumari yake. Majirani waliona fundi hawezi kukosea, nao wakaanza kupandisha mawe, hata mwenye ploti akadhani wanamjengea ghorofa.

Mwaka mmoja redio ikatangaza kimbunga kinakaribia pwani. Kilichoka kabla hakijaleta balaa, lakini wiki iliyofuata watafiti wawili walifika Congo. Wacera alishikilia kwamba bahari imepata joto, na vimbunga vinazidi idadi na nguvu. Kagiri alikubali joto, ila vimbunga kuongezeka alikataa katakata: siku hizi kuna setilaiti, zamani vilipita bila mtu wa kuvihesabu. Watu wazima hao walibishana kuhusu Bahari ya Hindi wakiwa wamesimama kando ya mtaro wa maji machafu, karibu kilomita mia tano kutoka baharini.

Kisha Wacera akayaona mawe. Mutunga akakiri kwamba huongeza moja kila mwaka. Basi, Wacera akaandika kuwa upepo wa Kawangware unapanda mwaka hadi mwaka. Kagiri akaandika kuwa kinachopanda ni woga. Walichokubaliana ni kimoja tu: mawe yasiguswe kwa miezi sita, mpaka utafiti uishe. Wakayapiga namba kwa rangi nyekundu, mwaka kwa mwaka, kama Mutunga alivyowaonyesha.

Kamene, mke wa Mutunga, hakuwa na ugomvi na bahari. Ugomvi wake ulikuwa na boriti iliyopinda juu ya kitanda. Alimsihi mumewe atoe mawe, hata kumi tu, akajibiwa kwamba ni ya utafiti. Basi akawa anapika akiwa amevaa helmeti ya bodaboda ya Mbithi, mwanao. Mutunga alimwona hivyo na roho ikamuuma, lakini kusema kweli kulimtisha kuliko boriti. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu alikuwa tayari kufukiwa nao.

Jumanne moja mchana, hata jani halitikisiki, boriti ikakatika. Mawe yote yakashukia kitandani, upande wa Kamene. Mutunga alikuja mbio kutoka kazini, akamkuta mkewe nje akianika nguo, mzima. Akakaa chini kwenye matope.

"Mama Mbithi, hiyo mawe si ya upepo," akasema. "Ukikuja Nairobi ulisema hutamaliza mwaka, utarudi Kitui. Kila mwaka ikiisha na bado uko, mimi naweka moja."

Kamene akaingia kwenye vumbi, akapekua hadi akalipata jiwe namba kumi na saba, akalitupa mtaroni.

"Hiyo mwaka nilikaa kwa mama miezi nane, Baba Mbithi. Usinihesabie ya uwongo."

Jioni hiyo Mutunga akaweka boriti mbili nene, na Kamene mwenyewe akampandishia mawe, moja moja, yote ishirini na moja.

Watafiti waliporudi walihesabu mara tatu. Kagiri alitabasamu, akaandika kwamba woga umeanza kupungua. Wacera alikasirika, akataka kujua upepo wa mwaka wa kumi na saba umeenda wapi. Kamene ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kutoka kwenye mboga aliyokuwa akikata.

"Ulienda kwa mama," akasema. "Lakini ulirudi."