Afisa Ustawi na Mpangaji wa Tumboni

Nitakalosema mtaniita mwongo, na mimi nimeshazoea. Huyu mama afisa ustawi wa jamii wa hapa Ruhembe akifika kwa mjamzito haanzi na maswali. Anavua viatu, anavuta ungo, anapukuchua mahindi, vidole vinakimbia kama panya wa ghalani. Kisha analisalimu tumbo: “Mpangaji, hujambo? Mwenye nyumba anakula?” Mkono ukiwa kazini, mdomo hulegea. Ndivyo mpwa wangu Perpetua alivyosema kwamba mumewe, Lucas, anampiga, naye anakaribia kujifungua. Mama afisa akapanga Perpetua akajifungulie kwao Munisagara. Siku ya kuondoka, Lucas akaziba mlango, panga lake la kukatia miwa mkononi. Mama afisa hakuinuka. Akamsogezea hindi: “Kaa, baba, nisaidie. Mtoto atazaliwa kwa bibi yake. Utakwenda kumwona ukiwa hujanywa.” Lucas akakaa, lakini msidhani ni kwa ajili ya hindi. Nilimkaba shingo kwa mkono mmoja, nikamnyanyua, panga likadondoka, akaanza kuniomba—

“Mjomba,” mama afisa, aliyekuwa kaketi nasi akinisikiliza, akadakia, wala hakuacha kupukuchua, “wewe siku ile tulikuja kukutoa chooni ulikojifungia, Perpetua akiwa ameshapanda basi la Kilosa.”