Vidole Viwili vya Shangazi

Ukimkuta shangazi yangu sokoni akipima mchele, usimuulize vidole vyake viwili vimekwenda wapi. Atakunyooshea mkono uliobaki nusu, akuonyeshe mimi, aseme, "Nilimpa baba yake huyu." Ukicheka, utatukanwa mpaka ukoo wako.

Kwetu mto haufiki baharini kwa njia moja. Ukikaribia bahari unagawanyika mikono mingi, na tope unaloliacha ndilo shamba letu. Juu kidogo tunalima mpunga. Chini, kwenye mikoko, watu wanakata boriti na kuchimba mabwawa ya kufugia kambamiti. Ardhi ina rutuba kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuishi juu yake kwa amani. Babu yangu aliuawa kwa rungu la wachungaji kwa ajili ya nyasi. Mume wa shangazi alichukuliwa na mamba. Shangazi mwenyewe alimng'oa mtu meno mawili kwa mpini wa jembe, kisa mpaka wa shamba.

Maji ya bahari yakijaa huusukuma mto urudi nyuma. Maji baridi hukaa juu, chumvi hutambaa chini. Kwa hiyo lango la mfereji wetu ni mbao zilizopangwa moja juu ya nyingine kati ya nguzo mbili. Mtu huchovya kidole, huonja, kisha hutoa ubao wa juu tu. Ubao wa chini hauguswi na mtu mpunga ukiwa unatoa masuke. Mwonjaji alikuwa shangazi, na kidole chake kile cha shahada kililisha mashamba yote.

Baba, mdogo wake, alikuwa amechoka na mpunga. Alichimba bwawa la kambamiti kando ya mfereji huohuo, na kambamiti wakaanza kufa kwa kukosa chumvi. Siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita siku zote, mchana kweupe, shangazi akiwa nyumbani anakula, baba akang'oa mbao zote mpaka ubao wa chini. Alidhani atafungua kidogo, afunge, na dada asijue. Mimi nilikuwa napalilia karibu. Nilimwona shangazi akija mbio, akachovya kidole, akatema.

"Mwana haramu wewe!" akapiga kelele, akasahau kwamba mama yao ni mmoja.

Aliokota ubao akampiga nao begani. Baba akamkaba koo, wakagaragara kwenye tope. Pigo la pili lilimtupa baba langoni, na mguu wake ukanasa kati ya nguzo na kizingiti. Maji yalikuwa yanapanda. Yakamfika kifuani, kisha kidevuni. Shangazi akalala kifudifudi ukingoni, akamshika nywele kuinua uso wake, huku akimzaba makofi.

Majirani wakaja na majembe na mashoka. Mbele yao alikuwa Bonge, ambaye shamba lake linapakana na letu.

"Pachika mbao!" akaamuru.

"Mguu wake umenasa, hamwoni?" shangazi akalia.

"Pachika hivyohivyo! Tufe njaa wote kwa ajili ya mjinga mmoja?"

Nasema ukweli ingawa ni baba yangu: Bonge hakukosea hesabu. Akainua ubao akaushindilia kwenye lango, shingoni kwa baba. Shangazi akaingiza mkono wake katikati. Nilisikia mifupa ya vidole viwili ikivunjika, kile cha kuonjea kikiwamo. Hakuachia zile nywele. Alimng'ata Bonge muundi wa mguu mpaka damu ikamjaa mdomoni, na mimi nikachukua shoka nikaanza kuikata nguzo, watu wakinipiga mipini mgongoni.

Nguzo ilianguka, na lango lote likaenda nayo. Tulimtoa baba akiwa hai, mguu umepinda. Chumvi ikaingia mashambani bila kizuizi mpaka maji yalipokupwa. Masuke yalikauka yote, yetu na ya watu. Walikuja kulibomoa bwawa la baba na kuichoma nyumba yetu, na hatukumlaumu mtu. Mtoto wa mwisho wa Bonge hakuuvuka msimu ule wa njaa. Mkewe hanisalimii hadi leo, na ana haki.

Mvua zilisafisha udongo, tukajenga lango jipya. Sasa kila asubuhi baba huchechemea hadi pale, huchovya kidole chake, huonja. Shangazi husimama nyuma yake na ubao mkononi.

"Enhe?"

"Matamu, dada."

"Onja tena."

Huonja tena. Ndipo hutoa ubao wa juu.

Niliwahi kumwuliza shangazi kwa nini aliuweka mkono wake pale, ilhali yeye ndiye aliyetaka kumuua baba. Alikuwa akipepeta mchele. Aliuangalia ule mkono, akaendelea kupepeta.

"Mkono ulikwenda wenyewe, mwanangu," akasema. "Akili yangu ilikuwa upande wa Bonge."