Daktari Amekataza

Mume wangu alikuwa dalali wa ng'ombe, na mdomo wake ulijulikana soko zima la mifugo la Isiolo. Siku moja, katika miaka ya sabini, alileta wageni, akaonja mchuzi wangu, akautema mbele yao. "Huyu mwanamke amepika maji," akasema. Wakacheka mpaka machozi. Muda si muda akaoa mke wa pili kutoka Garbatulla, nami nikahamishiwa chumba cha nyuma, karibu na mbuzi. Nilimchukia mume wangu tangu hapo, na chuki yangu haikulala hata siku moja.

Miaka ikapita, moyo wake ukachoka. Miguu ilivimba, akawa analala ameketi kwa kukosa pumzi. Mke mdogo alirudi kwao. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali, na masharti nikapewa mimi: vidonge kila asubuhi, hakuna chumvi, hakuna samli, hakuna miraa. Sijawahi kumsikiliza mtu kwa makini namna ile.

Vidonge vilifanya kazi, siwezi kukana. Uvimbe ulipungua, akaanza kulala kama watu wengine. Lakini kidonge cha kutoa maji mwilini kilimpeleka chooni kila saa, mnada ukamshinda. Nani atafanya biashara na dalali anayekimbilia kichakani katikati ya bei? Marafiki zake walipokuja na miraa, niliwasimamisha mlangoni.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam. Daktari amekataza."

"Si kidogo tu?"

"Amekataza."

Walikuwa walewale waliocheka. Walipoondoka nilikaanga buni za kahawa kwa samli, nikatia chumvi na maziwa, nikala pale alipoweza kunusa. Majirani wa mtaa wetu wa Chechelesi walinisifu kwa uvumilivu wangu, nami nikainamisha kichwa nikashukuru.

Jioni moja alisukuma sahani.

"Mama watoto, nipatie chumvi. Kama ni kufa, wacha nikufe nimeonja chakula. Hii si maisha."

Alikuwa analia. Nilimtazama vizuri, nikatafuta huruma ndani yangu, sikuipata. Kaburini angepumzika, na mimi sikutaka apumzike.

"Hutakufa, mzee," nikamwambia, nikimrudishia sahani. "Mimi nitakutunza miaka mingi."

Aliniangalia machoni, nikaona ameelewa. Akanawa mkono, akala.