Uzi Uliofumwa Mara Mbili

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Rula, na jina lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Shuka likitoka kwenye kikaushio yeye hulishika pembe, akalivuta mpaka likanyooka kabisa, akalikunja ukingo juu ya ukingo. Na ole wako wewe uliyeshika upande wa pili ukamletea pembe iliyolegea. "Rudia," atakuambia. Hasemi kwa ubaya. Kitu kilichopinda humkera kama mchanga ndani ya kiatu, na hata akikaribishwa nyumba za watu, macho yake humtangulia kwenye kitambaa cha meza kuangalia kama kimening'inia sawasawa.

Kufuma alifundishwa na mama yake, tena kwa kupigwa vidole kila alipoibana kulabu kama mtu anayetaka kuchoma nyama. Siku hizi hawezi kukaa mikono mitupu. Nyumbani ana birika bovu lililopoteza mfuniko. Hutumbukiza donge la uzi humo ndani, uzi ukatokea kwenye mdomo wa birika, donge lisipate nafasi ya kukimbilia chini ya kabati. Sweta na shali ni kazi za nyumbani, maana ukipanda nazo treni zinakujaza mapaja na kumfunika jirani. Safarini hubeba kopo la maziwa ya unga alilolitoboa mfuniko, kulabu moja, na kazi ndogo ndogo: soksi, kofia, vipande vya blanketi. Sindano mbili ndefu aliziacha siku treni ilipofunga breki ghafla na mzee mmoja akaruka kwenye kiti akidhani ameumwa na nyuki.

Kila Jumamosi hupanda treni hiyo kwenda kumwona mama. Mama alipata kiharusi mwaka juzi. Mguu wa kulia haukurudi, na mkono wa kulia ulirudi nusu. Unashika kikombe, lakini chai inajua yenyewe itakakomwagikia.

Sasa, mdogo wake Rula wa mwisho, anayeitwa Kitinda mpaka leo ingawa ana mvi mbili tatu, anaishi mbali, safari ya siku nzima na zaidi. Baada ya miaka ya kungoja na kukata tamaa, akapata mimba. Mama alipopewa habari alilia, akacheka, kisha akasema anataka kufuma blanketi la mtoto. Vipande nusu afume yeye, nusu afume Rula, na Rula aviunganishe.

"Miguu yangu haiwezi kufika kule," mama alisema. "Basi mikono ifike."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi ya kwanza mama alimkabidhi Rula vipande vyake viwili, vimefungwa kwenye leso. Rula akavisifu. Kwenye treni ya kurudi akaifungua ile leso, na tuseme ukweli, kazi ilikuwa mbaya. Vitanzi vingine vimebana mpaka kulabu isingepita, vingine vimelegea ungeweza kupitisha kidole. Mistari imeruka. Kipande kimoja, ambacho kilipaswa kuwa na pembe nne, kilikuwa na pembe tano na nyingine ya kubahatisha.

Alikusudia kurekebisha mstari mmoja tu. Lakini anayejua kufuma kwa kulabu anajua: ukishalegeza fundo la mwisho na kuvuta, kazi yote inakuja, inatelemka kwa raha zake mpaka umebaki na uzi mtupu mkononi. Rula alivuta. Treni haijafika kituo cha pili, kazi ya wiki nzima ya mama yake ilikuwa imerudi kuwa donge. Alishtuka, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Kisha akachukua kulabu, akafuma kipande upya kwa mkono wake mwenyewe, kimenyooka, pembe nne.

Angeishia hapo, yangekuwa mengine. Hakuishia hapo. Kila Jumamosi alipokea leso, akasifu, akapanda treni, akafumua. Na sifa nazo zilinona. Mwanzoni alisema, "Mkono wako bado upo, mama." Baadaye akawa anaongeza chumvi: kwamba kuna kipande cha bluu alichomwonyesha abiria wa kiti cha mbele na yule mwanamke akaomba afundishwe. Hakukuwa na mwanamke yeyote. Kile cha bluu alikuwa amekifumua kabla hata treni haijaondoka. Alikuwa anampaka mama yake mafuta kwa mgongo wa chupa, na mama wa watu anatabasamu upande ule wa uso uliobaki na nguvu.

Roho ilimsuta, isidhaniwe kwamba alikuwa na jiwe kifuani. Kuna siku alishuka kituo kisicho chake kwa kuwaza. Alijiambia anafanya kwa heshima ya mama, watu wa kule wasije wakacheka. Alijiambia mtoto anastahili kitu kizuri. Sababu alikuwa nazo tele, na zote zilimtosha hadi alipolala.

Blanketi likaisha. Lilikuwa zuri hasa, limenyooka kila upande. Jirani wa mama, muuguzi, alikuwa anasafiri kesho yake asubuhi kwenda mji ule ule wa Kitinda, na alikubali kulibeba. Rula akalitandaza kwenye mapaja ya mama ili aliage.

Mama akalipapasa kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Akapita kipande kwa kipande. Kwenye kimoja cha bluu vidole vikasimama, vikarudi nyuma, vikaenda tena. Akakinyanyua, akakiweka shavuni.

"Huu uzi umefumwa mara mbili," alisema.

Uzi uliofumuliwa hubaki na mikunjo midogo midogo kama nywele zilizofunguliwa misuko, na dawa yake inajulikana: uufue kwa maji, uuning'inize na uzito chini, ukauke ukiwa umenyooka, ndipo ufume tena. Rula, ambaye kazi yake ni kufua, hakufua. Alikuwa anafumua na kufuma papo hapo, kituo hadi kituo, apate kufika nyumbani ushahidi umekwisha. Na mikunjo ile ikakaa humo ndani ya kazi yake safi, jicho lisiione, kidole kikaiona.

"Mama..."

"Na huu. Na huu pia." Vidole viliendelea. "Vyangu vyote?"

Hapo angeweza kudanganya tena, na uongo ulikuwa tayari mdomoni. Akaumeza.

"Vyote, mama."

"Hata kile cha bluu? Kile alichokipenda yule mwanamke wa kwenye treni?"

Rula akainamisha kichwa. Mama akalitazama blanketi.

"Niliona vimepinda, mama, samahani. Nilitaka viwe vizuri, sikutaka wakucheke, nili..."

"Kufumua si kitu," mama alimkata. "Mimi nimekufumulia sana ulipokuwa mtoto, tena mbele ya macho yako, na ulilia. Sikukusifia takataka hata siku moja. Wewe umenisifu, mwanangu. Nimekaa hapa wiki nzima nzima nikijiona mtu. Ungeniambia haifai, ningejua nina kazi ya kufanya."

Kama angepigwa kofi ingekuwa afadhali. Rula alipiga magoti pale sakafuni, mtu mzima na mvi zake, akaomba msamaha kwa maneno yote aliyokuwa nayo, na hakuna hata moja lililofika pale lilipotakiwa. Mama alimwacha amalize. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete kulabu. Lete na uzi mpya. Na wewe kaa pale, mikono juu ya mapaja."

Mchana wote ule mama alifuma kipande kimoja. Mkono wa kulia ulitetemeka, kulabu ikateleza, ikaokotwa, ikateleza tena. Rula alikaa akiangalia. Mikono ilimwasha. Aliona kitanzi kinaachwa na karibu anyanyuke.

"Nimeruka?" mama aliuliza bila kuinua kichwa.

"Umeruka, mama."

"Wapi?"

"Pale, baada ya pembe."

Mama akakitafuta kitanzi, akakikosa, akakitafuta tena, kisha akasema, "Haya, kitakaa hivyo," akaendelea. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Jua lilipokuwa linaondoka dirishani kipande kikawa kimekwisha. Kilikuwa kidogo kuliko vingine na upande mmoja umevimba. Rula akachomoa kipande kimoja cha kwake kwenye kona ya blanketi, akashonea cha mama. Mshono haukukubali kulala. Ulijikunja kama mdomo wa mtoto aliyenuna. Aliuacha hivyo, na kuuacha kulimgharimu.

Muuguzi akalichukua.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Jumamosi iliyofuata Kitinda alipiga simu, Rula akaweka sauti ya nje na kuiegemeza simu kwenye kikombe mbele ya mama. Mtoto alisikika akilia kwa mbali, kisha akanyamaza.

"Mama, blanketi limefika! Kila mtu hapa anauliza nani kalifuma. Nawaambia mama yangu, na kiharusi chake hicho hicho! Mkono wako ule ule, mama, haujabadilika hata kidogo." Akacheka. "Ila kuna kipande kimoja hapa kwenye kona kimepinda, maskini. Dada Rula upo? Siku hizi unafanya kazi za haraka haraka, eh? Nimekitambua, hicho ni chako!"

Mama alitazama mikono yake. Rula alitazama simu. Lilikuwa jambo jepesi mno. Aseme tu, ndiyo, nilikuwa na haraka, nisamehe mdogo wangu. Wacheke wote, na mama abaki na sifa zake. Jibu lilikuwa limeshampanda kooni, laini na tamu kama yale mengine yote. Akainua macho na kumkuta mama anamtazama, anangoja.

"Hapana," Rula alisema. "Hicho cha kona ndicho cha mama. Vingine vyote nimefuma mimi."

Kule upande wa pili wakasikia kitambaa kinaburutwa, kinageuzwa, na Kitinda anahema karibu na simu.

"Hiki?" alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hiki ndicho cha mama? Subiri. Subiri nigeuze blanketi, kona hii ije huku juu, kwenye shavu lake." Akavuta kamasi. "Haya. Amekishika, mama. Ameingiza kidole kwenye tundu."

Mama alifumba macho. Mkono wake wa kulia ulijisogeza wenyewe kidogo juu ya meza.

"Lakini mlisema nusu kwa nusu," Kitinda alisema. "Mbona kimoja tu? Dada? Mbona kimoja tu?"

Mama hakufungua macho wala hakumjibia, na Rula akaisogeza simu karibu na mdomo wake mwenyewe, amwambie.